Asipigwe Mtu kwa Sababu ya Uvumi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia walipokutana Kaikor. Yamefupishwa kidogo ili yaenee kwenye kurasa zetu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya amani katika vikundi. Kwa kawaida tukisema amani hapa Kaikor tunafikiria mpaka: Nyangatom, Toposa, Merille, mifugo na bunduki. Hayo tumeyazungumza mara nyingi na kamati zake zipo. Leo nataka tuangalie vita vingine, ambavyo huanza kwa mtu mmoja kunong'ona kisimani. Kuna watu wanaopigwa, wanaofukuzwa nyumbani na hata kuuawa kwa sababu inasemekana wanapenda watu wa jinsia yao. Na kuna wengine ambao mwili wao au mwenendo wao unafanya majirani waulize, huyu ni mwanamume ama ni mwanamke?

Naona wengine mnatazamana. Naona na mzee mmoja pale anatikisa kichwa. Tikisa tu mzee, mimi sikukuja kukuomba ubadilishe dini yako wala maoni yako. Nitakuomba jambo moja, na nitalisema sasa hivi ili usingoje: katika kikundi chako na kijiji chako mtu asipigwe, asichomewe nyumba, asinyang'anywe kilicho chake kwa sababu ya maneno ya namna hii. Mengine tunaweza kubishana mpaka jioni.

Mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa mbuzi? Yanatuhusu kwa sababu Kakuma ni hapo tu. Kambi ilianza mwaka 1992, wale vijana wa Sudan walipofika kwa miguu. Leo, ukijumlisha na Kalobeyei, kuna watu zaidi ya laki mbili, kutoka nchi nyingi. Mbuzi wetu wanauzwa huko. Ndugu zetu wanapeleka kuni na makaa huko. Watoto wetu wengine wanasoma huko. Linalotokea Kakuma Jumatatu, Kaikor tunalijua kabla ya Ijumaa, na mara nyingi limeshaongezwa chumvi.

Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni wa Uganda alitia sahihi sheria kali juu ya mapenzi ya jinsia moja. Mahakama ya Katiba ya huko iliifuta tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, kwa sababu Bunge lilipoipitisha wabunge hawakutimia idadi. Lakini miezi hiyo ilitosha. Watu walikuwa wametajwa, wamefukuzwa na wazazi, wamepoteza kazi. Wengine wakavuka kuja Kenya kuomba hifadhi, na wengi wao wakaletwa Kakuma. Mwaka 2023 Uganda ilitunga sheria nyingine, kali kuliko ile ya kwanza, yenye hata adhabu ya kifo kwa makosa fulani, na Aprili 2024 mahakama ikaacha sehemu yake kubwa isimame. Kwa hiyo watu bado wanakimbia.

Basi mtu amekimbia fimbo kwao, akafika Turkana. Alikuta nini? Alikuta watu wa kila taifa, Wasudan, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na sisi wenyeji, watu ambao hawakubaliani juu ya mambo mengi, lakini juu yake yeye wakakubaliana. Alitukanwa kwenye foleni ya maji na ya chakula. Kibanda chake kilirushiwa mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2021, katika Kakuma 3, vijana wawili walikuwa wamelala nje. Mtu akawarushia petroli yenye moto. Wote wawili waliungua. Mmoja wao alikufa hospitalini Nairobi mwezi wa Aprili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 2023, mwezi wa Mei, shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya kambi hiyo, likieleza vipigo, ubakaji na uchomaji, na kwamba karibu hakuna anayekamatwa.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye hiyo petroli. Petroli Kakuma ni ghali. Mtu aliyemwaga petroli juu ya wenziwe waliolala alitoa pesa, akatafuta chupa, akangoja usiku. Hasira ya ghafla haifanyi hivyo. Huyo alikuwa amekwisha kuambiwa mara nyingi, na watu wengi, kwamba wale si watu. Alijua pia kwamba kesho yake hakuna atakayemtaja. Hiyo ndiyo sehemu inayotuhusu sisi tulio mbali na chupa yenyewe. Sisi ndio tunaotoa maneno kabla, na ndio tunaonyamaza baadaye.

Angalieni jinsi uvumi unavyofanya kazi. Mwezi wa Februari 2010, huko Mtwapa, Pwani, watu waliambiana kwamba wanaume wawili wataoana. Jina la bwana harusi lilikuwa halijulikani, ukumbi haujulikani, lakini habari ilikwenda sokoni, ikaenda redioni, ikafika msikitini na kanisani. Baadhi ya viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakatoka pamoja kuwahimiza watu wachukue hatua. Tarehe 12 umati wa mamia ukazingira kituo cha afya cha KEMRI, kwa sababu kituo hicho kilikuwa kinawapa huduma ya ukimwi watu wote bila kuuliza ni nani. Watu walipigwa. Polisi waliwakamata kadhaa, ambao baadaye waliachiliwa bila mashtaka. Na harusi? Haikuwapo. Lakini waliokuwa wanategemea kituo hicho, wakiwamo akina mama na watu wa kawaida kabisa, wakaogopa kuonekana mlangoni. Sisi tunaojua maana ya kutembea siku nzima kwenda zahanati tunaelewa hasara hiyo.

(Nikiwa bado Pwani: akina mama wa huko huitana "shoga," maana yake rafiki yangu, mwenzangu. Neno zuri. Leo limegeuzwa tusi la kumrushia mtu jiwe.)

Na msidhani ni Kenya na Uganda tu. Huko Orlando, Marekani, tarehe 12 Juni 2016, mtu mmoja mwenye bunduki aliingia katika ukumbi wa muziki wa watu hao akaua watu 49. Marekani wana shule na barabara na kila kitu. Kwa hiyo anayesema ushamba wa Afrika ndio unaleta hayo anakosea. Na anayesema Wazungu wote wanawapenda watu hao, naye anakosea.

Narudi kwa mzee wangu. Nadhani anataka kusema: jambo hili ni la kigeni, desturi zetu hazilijui. Nakubali kwamba mambo mengi hatukuyazungumza chini ya mti. Lakini desturi za Afrika ni nyingi kuliko tunavyofikiri. Kwa Wanandi, Wakamba na Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari akaoa mwanamke mwingine, ili boma lipate mrithi. Hakuoa kwa ajili ya mapenzi ya kimwili, nieleweni vizuri. Nasema tu kwamba ukimsimulia mtu wa nje atashangaa, na kwao ni heshima kabisa.

Tena ile sheria yenyewe ilitoka wapi? Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Kenya, kifungu cha 162, inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo la namna hiyo. Maneno yake yana asili katika sheria ambayo Waingereza waliitunga kwa ajili ya India mwaka 1860, wakaisambaza katika makoloni yao. Uingereza wenyewe walianza kuiacha mwaka 1967. India waliiacha mwaka 2018. Sisi tunayo bado. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliombwa kuiondoa, ikakataa. Hiyo ndiyo hali ya sheria na sitawaficha.

Lakini someni vizuri. Sheria hiyo inahusu tendo, na tendo huthibitishwa mbele ya hakimu. Haimpi mwenyekiti wa kikundi fimbo. Haimpi kijana kiberiti. Sheria hiyo hiyo ya adhabu inasema anayempiga mwenziwe akamuumiza anaweza kufungwa miaka 5, na anayechoma nyumba ya mtu kwa makusudi anaweza kufungwa maisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema mtu asifanyiwe ukatili, iwe na serikali ama na mtu binafsi. Haikuweka alama ya kusema isipokuwa fulani.

Na desturi yetu je? Mtu wa Turkana akimjeruhi mwenziwe, wazee hukaa, husikiliza pande zote, na mifugo hutoka. Hata akiwa amekosa sana, anapewa nafasi ya kusema. Mimi sijasikia kwamba wazee wa Turkana walimhukumu mtu kwa uvumi bila kumwita chini ya mti. Hiyo ya kukusanyika na matairi tumeiokota mjini. Kule Kisii mwaka 2008 wazee 11 walichomwa moto wakiitwa wachawi. Uliza kosa lao lilithibitishwa na nani.

Tuseme na jambo lingine ambalo sisi wenyewe limetuuma. Wanaume wa Turkana hawatahiriwi. Sisi tuna asapan, na kijana akipita hapo ni mwanamume kamili. Lakini tukishuka chini, tunaposema "tumekwenda Kenya," kana kwamba hapa si Kenya, tunakuta nini? Wangapi hapa wameitwa watoto, mbele ya watu, kwa sababu ya mwili wao? Naona mnacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, huko Naivasha na Nakuru wanaume wa Kijaluo walikamatwa na magenge wakatahiriwa kwa panga. Wengine walikufa. Tume ya Jaji Waki iliyaandika hayo. Waliofanya walisema wanawasafisha, wanawafanya wanaume. Ninapomsikia kijana wetu akisema fulani avuliwe nguo tuone kama ni mwanamume, nakumbuka Naivasha.

Hapo ndipo naingia kwenye habari ya watoto, na akina mama naomba mnisikilize zaidi, maana ninyi ndio mnaozalisha.

Kuna mtoto anayezaliwa na maumbile yasiyo wazi kama ni ya kike ama ya kiume. Kwa Kiswahili anaitwa huntha, ama watu husema mtoto wa jinsia mbili. Hajachagua lolote, ameletwa hivyo. Habari yake ni tofauti kabisa na ile ya nani anampenda nani, lakini masengenyo hayajui kutofautisha, na fimbo ni ile ile. Mwaka 2017 wakunga wa magharibi ya Kenya waliwaeleza waandishi wa habari kwamba zamani mtoto wa namna hiyo aliuawa mara tu alipozaliwa, na mama akaambiwa alizaliwa mfu. Hapa kwetu sitauliza. Kila mmoja anajua alichokiona.

Asiyeuawa hufichwa. Hapelekwi kliniki kwa sababu mama anaogopa atavuliwa mbele ya foleni. Hapelekwi shule kwa sababu ya choo. Kwa miaka mingi alikosa cheti cha kuzaliwa, maana kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya mvulana na ya msichana tu. Kuna mtoto mmoja hospitali ya Nairobi ilimwekea alama ya kuuliza mahali pa jinsia, na kesi yake ilifika Mahakama Kuu, ikaamuliwa mwaka 2014. Alama ya kuuliza! Kama gunia lisilojulikana ni la mahindi ama la maharagwe. Na mwaka 2010 mahakama iliamuru mfungwa mmoja mwenye maumbile hayo alipwe shilingi laki tano kwa jinsi alivyodhalilishwa na kuvuliwa nguo gerezani.

Tangu hapo serikali imeanza kufungua macho. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu watu hawa kwa mara ya kwanza, na idadi iliyotolewa ilikuwa watu 1,524 nchi nzima. Mimi naamini ni wengi zaidi, maana nani atamwambia karani mgeni jambo ambalo hajamwambia shangazi? Halafu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja kwa jina: wana haki ya heshima, ya matibabu, ya elimu. Tena mtoto asifanyiwe upasuaji wa kubadilisha ama kuondoa kiungo bila ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya urithi wa mwili. Kwa hiyo mama, mtu akikuambia kuna fundi atamkata mtoto "awe sawa," mkatae, na hiyo ndiyo sheria. Mpeleke mtoto zahanati. Muuguzi ataandika barua ya kwenda hospitali ya Lodwar. Wengi wa watoto hawa wana afya nzuri, lakini wachache wana ugonjwa wa upungufu wa chumvi mwilini unaoweza kumwua mtoto mchanga katika wiki za kwanza: anatapika, anakauka, hanyonyi. Huyo asingoje siku ya kliniki.

Na kanisa? Najua wengine wanasema wanapiga kwa ajili ya Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotoka mwaka 1992 inafundisha kwamba tendo la jinsia moja ni kosa, na mafundisho hayo hayajabadilika. Lakini ukurasa huo huo unafundisha kwamba watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe bila haki. Wengi wetu tulisoma nusu ya kwanza tukafunga kitabu. Mwaka 2023 hayati Papa Fransisko alisema kuwa mtu wa namna hiyo si jinai. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, akiwa ndani ya ndege akitoka Juba, hapa juu tu ya mpaka wetu, alilirudia hilo akiwa amekaa na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland. Makanisa hayo matatu yamegombana kwa mamia ya miaka. Juu ya kutowafunga na kutowapiga watu hawa walikuwa na neno moja.

Sasa tushuke kwenye daftari la kikundi, maana ndiko mambo haya yanakofika kwetu.

Chukueni mfano. Mama ameweka shilingi 50 kila wiki kwa miaka miwili. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu tano, ni mbuzi huyo. Siku moja uvumi unaingia, eti analala na mwanamke, ama ana mtoto wa ajabu nyumbani. Mkutano unaitwa bila yeye. Anafukuzwa, na hisa zake "zinabaki kwenye kikundi." Jamani, hapo tumelinda maadili ama tumekula mbuzi wa mwenzetu? Niwaambie ukweli, mara nyingi nikisikia kelele ya maadili huuliza kwanza, kuna deni gani? Kuna mchumba gani, kuna shamba gani, nani alitaka kiti cha mweka hazina? Mara nyingi kitu kinapatikana.

Ama kijana anayetembea kama msichana, anayependa kusuka mikeka na akina mama. Vijana wenziwe wanamngojea kwenye laga akitoka kuteka maji. Mwenyekiti anajua. Anasema, hayo ni ya vijana. Mwenyekiti huyo, siku kijana akifa, ataeleza nini kwa chifu?

Mimi ninachopendekeza ni kidogo. Katiba za vikundi vyetu nyingi zina kifungu cha kumfukuza mwanachama "mwenye tabia mbaya," bila kueleza tabia gani wala nani anaamua. Kifungu hicho ni panga lililoachwa mlangoni. Kiandikwe upya: mwanachama afukuzwe kwa mambo ya kikundi tu, kama kuiba au kutolipa mkopo. Aitwe na asikilizwe kabla ya kura. Akiondoka apewe hisa zake, hata kama hakuna anayempenda. Mambo ya chumbani mwake yasiletwe kwenye ajenda.

Kuhusu kipigo, mkubaliane leo kabla jambo halijatokea: nani atakayemkimbilia chifu, nani mwenye simu yenye chaji, nyumba ya nani mtu atafichwa mpaka asubuhi. Umati ukishakusanyika hakuna mtu anayefikiri. Mtapata mmoja ama wawili wanaoheshimiwa, mzee mmoja na mama mmoja, wakisimama mlangoni mapema watu hurudi nyumbani wakinung'unika. Wakichelewa nusu saa, hawawezi tena.

Mzee wangu ameinua mkono. Anasema, "Na kama ni kweli, si uvumi?" Swali zuri. Kama ni kweli, mzee, bado ni mtoto wa mtu. Mkanye ukitaka, mwombee, mnyime binti yako. Lakini hisa ni zake, mfupa wa mkono ni wake, na kama unaamini amevunja sheria, polisi wapo na hakimu yupo, nao watataka ushahidi ambao wewe huna.

Haya, akina mama wanasema chai imeiva. Mkutano ujao kila mwenyekiti aje na katiba ya kikundi chake, ile iliyoandikwa, hata kama imeliwa na mchwa pembeni. Tutakisoma hicho kifungu cha kufukuza, kikundi kwa kikundi, na wasiojua kusoma tutawasomea kwa Kiturkana. Kisima cha juu wanaanza wao.